Fomu ya Kampala

Kolandoto, Jumamosi 13 Novemba 1954

Baba yangu amesema uongo leo, nami namshukuru Mungu.

Nilijua washenga watakuja kumposa binti yangu Kabula, na mambo ya mahari mwamuzi ni Baba. Kwa woga nikamjazia mtoto fomu ya chuo cha ualimu, hapa karibu. Ile ya Kampala nikaificha chini ya godoro. Mtoto ameongoza darasa zima, halafu mimi baba yake… Aibu.

Leo wamefika wazee watatu. Wamesifu ng'ombe wao weee! Baba akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mmechelewa, wenzangu. Kabula ameshakwenda Kampala kusomea udaktari."

Kabula alikuwa jikoni anasonga ugali! Nilisikia mwiko ukianguka. Ikabidi mama yake ndiye awaletee wageni chakula.

Walipoondoka nilidhani Baba atacheka. Hakucheka hata kidogo. Sijui nani alimwambia.

"Wewe, ile fomu uliyoificha iko wapi? Jazeni leo hii. Uzeeni huku sitaki kuitwa mwongo."