Kiwiko cha Msonga Ugali

Makole,
Dodoma.
14 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Penina,

Salamu zangu zikufikie huko Newala pamoja na upepo wetu wa Juni, maana huku tunao wa kugawa. Hujambo? Lile goti linakuruhusu kupanda ngazi za kanisani, au bado unaingia ukishikiliwa kama bibi harusi? Na shemeji je? Nisalimie, na ndevu zake pia kama bado zipo.

Mimi sijambo. Hilo ndilo jibu langu la kwenye simu, na kwenye simu mambo huishia hapo, ndiyo maana nimeamua kuandika. Mwandiko usikushtue. Si uzee, ni kiwiko.

Tangu kabla ya Krismasi kiwiko cha kulia kinaniuma upande wa nje. Kukamua tambara la deki, kuinua birika, hata kufungua kitasa, ni machozi. Jirani yangu Edina alinikanda kwa maji ya moto, kisha akanipaka mafuta ya nyonyo mpaka mkono ukang'aa kama ndizi ya kukaanga. Maumivu hayakujali.

Hospitali wakasema ni ugonjwa wa wacheza tenisi. Wifi, usianze! Tenisi mimi nimeiona kwenye televisheni, tena nikitafuta taarifa ya habari. Nikaomba sindano, yaishe. Daktari akasema ipo na inatuliza upesi, ila mara nyingi maumivu hurudi, pengine kwa hasira zaidi. Upasuaji ni wa mwisho kabisa, miezi mingi ikipita bila nafuu. Akanipa mkanda wa kufunga chini ya kiwiko, akanipeleka kwa dada wa mazoezi ya viungo, anaitwa Debora.

Debora alinifundisha kushika chupa ya maji, mgongo wa kiganja ukiwa juu, na kuishusha polepole. Kisha akauliza mkono huu unafanya kazi gani. Nikamwambia, kusonga ugali.

"Wa uwele?"

"Wa uwele. Ule mwingine sisi tunauita uji."

Akacheka. "Sasa mama, unawasongea wangapi?"

Nikaanza kuhesabu, wifi. Watoto wameshatoka: Henry yuko Kahama kikazi. Frida kaolewa Songea. Kaka yako tulimzika mwaka juzi, wewe mwenyewe ulinifunga kitambaa kichwani. Watu wakaisha kabla sijakunja hata kidole.

"Najisongea mwenyewe," nikasema.

Kumbe nilikuwa bado natumia lile sufuria kubwa, na mwiko wa mama mkwe ulio kama kasia. Nasonga ugali wa nyumba nzima, nakula matonge mawili kwa mlenda, unaobaki wanakula kuku wa Edina. Wamenenepa hadi wanashindwa kukimbia. Unakumbuka nilipoolewa ulivyocheka mabonge yangu ya unga, ukanifundisha kubana sufuria kwa miguu na kusonga kwa bega zima? Basi nilifundishika. Kuacha ndiko hukunifundisha.

Debora anasema nikiendelea hivi mazoezi ni kazi bure, na nitaishia kwenye kisu. Kwa hiyo nilikwenda sokoni Majengo nikanunua sufuria dogo, la mtu mmoja. Ni zuri, linang'aa. Limekaa jikoni kwenye mfuko wake, silitoi. Naona nikilitoa tu nitakuwa nimekubali. Siku hizi jioni nakunywa chai na mkate, nalitazama.

Wifi, uwele mpya umeshaingia sokoni. Njoo Agosti baridi ikipungua, ukae hata kidogo. Nitakupokea stendi. Lile kubwa nitalirudisha mekoni, na mlenda nitauunga kwa karanga. Ila kusonga utasonga wewe. Mimi nitakaa kwenye kigoda, nikucheke mabonge.

Wasalimie shemeji, Ruthu na wanawe. Mungu alitunze goti lako na kiwiko changu, atuachie na meno ya kuchekea.

Wako akupendaye, kwa mkono mmoja,

Dorothea