Nusu ya Jino la Isaka

Kijiji cha Ujamaa, Nduguti
9 Agosti 1975

Dada Elina,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na mtama tumeshavuna.

Shuleni amekuja mtafiti kutoka Dar es Salaam. Anachunguza protini za mifupa na meno, na anaomba meno ya utoto yaliyong'oka. Nilikumbuka jino la marehemu mdogo wetu Isaka, lile alilokataa kulirusha juu ya paa la tembe, kama ilivyo desturi, akalificha kwenye kiberiti. Mama alihama nalo tulipohamia kijiji hiki, ingawa tangu mazishi hajamtaja Isaka.

Mtafiti aliniambia, "Protini hudumu miaka mingi, lakini ili niione lazima niliyeyushe jino kwa asidi. Halitarudi."

Nilikaa siku tatu bila kuthubutu kumwambia Mama. Nilipomwambia, aliuliza, "Ataona kilichomuua?"

"Hapana, Mama. Ataona jinsi jino lilivyojengeka alipokuwa hai."

Aliendelea kupepeta mtama. Kisha akaleta kile kiberiti. "Mwambie alikate. Nusu yake, nusu yangu."

Leo nimerudisha nusu yetu. Mama ameitazama, akacheka kidogo. "Isaka angetaka lote."

Dada, amemtaja.

Mdogo wako,
Simeoni