Bosi Hakusema Kitu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimetoka kwenye banda la video. Ile filamu ya majambazi tena. Mjomba Shija, kaka yake mama, ananiacha nikae nyuma bure. Yeye hukaa mbele na maiki, anawatafsiria watu, Kiswahili na Kisukuma kidogo. Mtaa mzima wa Majengo unamjua kwa sauti. Ukoo mzima waongeaji, mimi tu ndiye bubu.

Ijumaa nitasimama mbele ya darasa kueleza, kwa Kiingereza, filamu hiyo imetengenezwaje. Madam Neema, mwalimu wetu, anatafuta wa kushika kamera ya klabu ya filamu. Naitaka ile kamera. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeandika sana. Kamera imewekwa chini, bosi wa majambazi anaonekana mrefu kama mnara wa simu. Taa upande mmoja, nusu ya uso giza. Halafu sehemu ninayoipenda kuliko zote. Bosi yuko mezani na kijana aliyemsaliti, anamtania: "We dogo, unakula kama umeuza ng'ombe wa baba yako." Banda zima hucheka. Ghafla risasi. Nimeandika kwamba wametumia utani kutuficha hatari. Najivunia sentensi hiyo.

Jumatano, 6 Agosti
Siku mbaya. Madam ameniazima laptop yake wakati wa mapumziko, niiangalie filamu vizuri na earphone.

Bosi hasemi kitu.

Hakuna utani. Hakuna ng'ombe. Anakoroga chai, kijiko kinagonga kikombe. Kamera haiondoki usoni mwa kijana mpaka anaacha kutafuna. Basi. Utani wote ni wa mjomba, na mimi nimeuchambua kama wa filamu. Ng'ombe wa baba, kwa majambazi wa Ulaya! Nimechana karatasi.

Jioni nikaenda bandani na hasira. Nikamwambia pale bosi hasemi kitu. Akasema, "Najua. Nikinyamaza watadhani spika imekufa, wadai hela zao." Akacheka. Halafu akaniona machozi. "Mayu, mama yangu, kaa kwanza. Kesho njoo kabla sijafungua."

Alhamisi, 7 Agosti
Banda tupu, mimi na mjomba tu. Tumeangalia kipande kile bila maiki, kisha na maiki, kisha bila. Nikaelewa. Bila yeye, hofu inaanza kwenye kijiko, mapema kabisa. Akiwepo, hofu haipo, risasi inakukuta unacheka. Picha ni zile zile. Sauti ndiyo inaamua uogope saa ngapi. Hilo ndilo nitaeleza.

Amenirekodia sauti yake kwenye simu nikawasikilizishe. Hakuniuliza nitamsema vipi. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kufagia banda.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeongea.

Sentensi ya kwanza haikusikika. Jofrey akapiga kelele nyuma, "Mpeni maiki!" Wakacheka. Madam hakuniokoa, alisubiri tu. Nashukuru kwa hilo. Nikawawekea kipande kikavu, bila sauti ya mjomba. Kimya. Nikaweka na sauti ya mjomba, darasa likavunjika mbavu. "Huyo si Shija wa bandani?" Nikawauliza, mmeogopa lini? Wakaanza kubishana, na mimi nikajikuta nawajibu. Kiingereza kilikatika njiani mara nyingi. Nikaendelea hivyo hivyo.

Kamera nimepewa mimi. Nilikimbia chooni kulia.

Jumapili, 10 Agosti
Mjomba amekuja kula baada ya misa. Wali wa mchele wa Usevya na maharage. Akaniuliza kwa nini kamera ikiwa chini mtu anakuwa mkubwa. Nikachukua simu yake, nikaiweka sakafuni, nikampiga picha. Akajicheka. Akauliza taa. Akauliza wanakataje vipande. Nikaeleza, mpaka wali ukapoa. Hakunikatisha hata kidogo.

Mama alikuwa anatusikiliza. Akaniongezea maharage, akarudi kukaa.