Sote Twanywa Maji

Kibokoni, Mombasa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na goti lako lasemaje? Mimi ni mzima ila mgongo, na mgongo huo ndio ulionipa habari hii, ambayo haienei katika simu ya dakika mbili.

Wajua kazi yangu kwa Bi Zuhura ni kupika na kufua. Basi mfereji wa mtaa ukakauka, nikawa mpandisha madumu hadi ghorofa ya tatu. Wanaume wa barazani wakamtuma mmoja wao ofisi ya maji. Akakaribishwa ndani, akapewa kiti na soda, akatoka mpole kama bibi harusi. Wakamtuma wa pili. Soda ile ile.

Ndipo Bi Zuhura akasema, "Sasa twenda sisi, na hatoingia mtu peke yake."

Mama, wanawake wa hapa nawajua. Wapo wawili hawasemezani tangu arusi ya mwaka juzi, kisa sahani ya biriani. Siku hiyo nikawaona wamekalia mkeka mmoja nje ya ofisi, wakimegeana mahamri. Nilistaajabu kuliko siku niliyoiona bahari.

Afisa akatoka. "Mkubwa wenu ni nani?"

"Hapana mkubwa hapa, baba," akajibu Bi Zuhura. "Sote twanywa maji."

Akatupa macho, akaniona mimi na leso yangu iliyopauka. "Wewe binti, njoo ndani unieleze."

Nakiri nilitaka kwenda. Jua lilikuwa kali, na sijawahi kukaribishwa kiti na afisa. Nikainuka. Kumbe wote wameinuka nami! Tukaingia mpaka mlango ukakataa kufungika, na fundi akapigiwa simu mbele ya macho yetu. Alhamisi maji yakatoka, mekundu kwanza, kisha safi. Nililia kando ya ndoo. Nawapenda wanawake hawa, Mama.

Sasa nisikilize. Kwa ile pampu ya kisima mliyoahidiwa, Mjomba Kazungu mmemtuma ofisini mara ngapi? Kila mara hurudi na pakiti ya unga na kimya. Si mbaya Mjomba. Alikwenda peke yake, na kiti ni kitamu. Hata mimi nilikaribia kukikalia. Safari hii nendeni nyote.

Nisalimie Mjomba, bibi mzaa baba, na mdogo wangu Charo. Mke mwenzio, Mama Dama, ambaye hujamwamkia tangu tumzike baba, salamu zake simpi mtu mwingine. Mpelekee wewe, na mkeka uuchukue.

Mwanao akupendaye,
Kadzo