Sura ya Ishirini, Kama Nilivyoisoma

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na uongeze nyingine kwa wiki zote ambazo sikukuandikia. Hali yako vipi? Miguu bado inavimba baada ya zamu za wodini, au vile viatu vipya vimesaidia? Sisi huku wazima. Mama anatoka kiwandani saa kumi na mbili kama kawaida, na bado anasema mgongo haumuumi huku ameushika kwa mikono miwili. Bomba la jikoni bado linadondosha maji. Saa ya ukutani inachelewa dakika nne, na utaona mwenyewe nimejuaje.

Dada, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Ile simu niliyonunuliwa kwa ajili ya masomo, kwa miezi mitano nimekuwa nikiitumia kuwasomea kitabu watu nisiowajua.

Najua utacheka. Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza swali hujibu nikiliangalia dawati. Ilianza hivi. Nilijiunga na kundi la wasomaji kwenye simu, watu kama sitini, kila mmoja na jina lake la utani. Siku moja msimamizi wa kundi akatangaza kwamba amemwandikia mwandishi wa kile kitabu cha mjenzi wa madaraja, naye ameturuhusu tukisome kwa sauti humo kundini, kwa sababu kuna mwenzetu ambaye macho yake hayaoni tena. Akauliza nani atajitolea. Watu wakaanza kusukumiana: mmoja ana mafua, mwingine ana watoto wanaopiga kelele. Mimi nilikuwa na kitabu, kile chako ulichoniachia. Nikaingia stoo, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikafunga mlango na kusoma sura ya kwanza. Nikaituma na kuizima simu kabisa, kama mtu aliyerusha jiwe akakimbia.

Nilipoiwasha tena, nilikuta ujumbe wa sauti kutoka kwa yule asiyeona. Anaitwa Fundi Saa. Alitengeneza saa za watu kwa miaka arobaini mpaka macho yakamwishia kazini. Alisema nasoma vizuri, ila niwaambie wakubwa wangu kwamba bomba letu limekwisha mpira wa ndani unaozuia maji, na saa yetu ya ukutani inapumua vibaya, bila shaka inachelewa. Nikaenda kuilinganisha na simu. Dakika nne, Dada! Kaisikia kupitia mlango uliofungwa.

Tangu hapo wakanipa jina la Stoo. Kila wiki, siku moja nikitoka shule, kabla Mama hajarudi, nilisoma sura moja. Wengine walituma kidole gumba au ua, basi. Fundi Saa alijibu kila sura kwa sauti yake. Alimtukana mjenzi, alimtetea mke wake, aliniuliza maoni yangu na kuyasubiri. Mara moja, akipita tu kwenye mazungumzo mengine, alisema mkewe aliyefariki mwaka huu hakuwahi kumpokea mlangoni kwa salamu. Hata akitoka safari ya mwezi mzima, la kwanza lilikuwa, "Na viatu hivyo unaenda navyo wapi?" Alicheka mpaka akakohoa.

Wewe kitabu unakijua, lakini nikukumbushe. Mjenzi anamwacha mkewe kwa hasira na kukaa mbali miaka kumi na mmoja, ufunguo wa nyumba ukiwa mfukoni siku zote. Katika sura ya ishirini, ambayo ndiyo ya mwisho, anarudi. Anaona aibu kuutumia ufunguo, kwa hiyo anabisha hodi. Hakuna anayeitika. Jirani anatoka na ufagio mkononi na kumwambia mwenye nyumba alizikwa miezi miwili iliyopita. Ndipo anafungua kwa ufunguo wake na kuingia peke yake. Pembeni mwa ukurasa huo wewe uliandika kwa penseli neno moja: "Hapana."

Siku moja kabla sijaisoma sura hiyo, Fundi Saa alikuwa ametuma ujumbe kwamba anamsubiri yule mama afungue mlango, na kwamba chai yake ameshaiandaa, atakunywa nao wote wawili.

Nilikaa juu ya ndoo nikaifungua sura ile mara tatu, na mara tatu nikaifunga. Halafu nikachukua daftari langu la jiografia, nikaandika sura nyingine kwenye kurasa za nyuma. Ndani yake mke anaufungua mlango. Anamtazama mumewe kuanzia juu hadi chini, na baada ya miaka kumi na mmoja anamwambia, "Na viatu hivyo unaenda navyo wapi? Vua kwanza." Nikaisoma yote na kuituma kama sura ya ishirini.

Fundi Saa hakujibu siku hiyo. Alijibu kesho yake, sauti ikiwa nzito, akasema maisha yake yote hajawahi kusikia kitu kama kile, na kwamba mwandishi huyu ni lazima alimfahamu mke wake. Nilifurahi, Dada. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifurahi.

Waliokuwa wamekisoma kitabu wenyewe walikuwa wachache na hawakusikiliza sauti zangu, kwa hiyo mambo yakapita kimya. Mpaka likaja tangazo kwamba mwandishi atakuja kutia saini vitabu ghorofani kwenye duka moja la vitabu, Jumamosi, na kundi likaamua tukutane huko uso kwa uso. Fundi Saa akasema ataletwa na binti yake. Ana swali moja tu kwa mwandishi, akasema, na halihitaji macho.

Ningeweza kubaki nyumbani. Nilimwambia Mama naenda kuangalia vitabu, na huo haukuwa uongo, nikaenda.

Tulikuwa tumekubaliana kila mtu abandike kifuani karatasi yenye jina lake la kundini. Ya kwangu niliiandika vizuri, nikaikunja, nikaiweka mfukoni. Ungewaona, Dada! Msimamizi, ambaye kundini hutufokea kama mkuu wa gereza na ambaye nilimdhania mzee wa ndevu, ni kijana mwembamba mwenye begi mgongoni, na sauti yake ni ndogo kuliko yangu. Mama mmoja anayejiita Nyota Tano, kwa sababu kila kitabu hukipa nyota tano, alimshika bega akamuuliza kama kweli ni yeye aliyemfungia wiki nzima kwa kutuma picha za paka. Kijana akaomba radhi. Nyota Tano akasema hapana, samahani haitoshi, leo atawatazama paka wote, akatoa simu.

Mimi nilisimama karibu na ngazi nikiwa nimefunga mdomo. Nilijua nikisema neno moja tu watanitambua. Nyota Tano alinikuta hapo, akadhani mimi ni mfanyakazi wa duka, akaniambia mwanangu, mletee mzee kiti. Nikaleta kiti. Mzee mwenyewe alikuwa Fundi Saa, mfupi, kola imenyooshwa kwa pasi, saa mbili kwenye mkono mmoja. Alishukuru. Sikuitika. Akageuza kichwa kidogo upande wangu, kama anayesikiliza saa iliyosimama.

Mwandishi ni mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alizungumza kidogo, akasoma kidogo, kisha watu wakaruhusiwa kuuliza. Binti yake Fundi Saa akamwinua, akampa kipaza sauti. Alisema yeye hana swali la kitaalamu. Anataka tu kujua mwandishi alimfahamu wapi mke wake, kwa sababu yale maneno ya viatu pale mlangoni ni ya marehemu, hakuna mwingine duniani aliyeyasema hivyo.

Mwandishi akauliza kwa upole, viatu gani.

Fundi Saa akaeleza: sura ya mwisho, mama anapofungua mlango.

 Mwandishi akavua miwani na kusema, baba, samahani, katika kitabu changu ule mlango haufunguliwi na mtu. Yule mama amekwisha kufa. Waliokaa nyuma wakaanza kunong'ona. Nyota Tano akapaza sauti kwamba hata yeye amesikia habari za viatu, lakini mwanamume mmoja mwenye kitabu mkononi, ambaye si wa kundi letu, akasema kwa nguvu kwamba mzee kachanganya mambo, umri huo jamani, labda alisinzia akaota. Wengine wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ila walicheka. Binti yake akamshika mkono, akamwambia baba, tukae.

Na Fundi Saa, Dada, ambaye alilisikia bomba letu kupitia mlango uliofungwa, akasema kwenye kipaza sauti, "Basi labda nilisikia vibaya. Masikio nayo yanazeeka. Mnisamehe."

Sikumbuki niliinuaje mguu. Nakumbuka tu nimesimama mbele ya wale watu wote na nimeshasema kwamba hakusikia vibaya. Nilisema mimi ndiye Stoo. Nilisema sura ile niliiandika mimi, maneno ya viatu niliyachukua kutoka kwake mwenyewe, na kitabu hakina kosa wala mzee hana kosa.  Kundi zima liligeuka kwa pamoja. Nyota Tano akasema, maskini, na mimi nimemtuma kiti!

Nilidhani mwandishi atanifukuza. Akasema alikaa miaka miwili akijiuliza kama aufungue ule mlango au la, na mimi nimeufungua kwa jioni moja. Hakucheka, wala hakukasirika. Akasema pengine mwisho wa kwangu ni mzuri, lakini si wake, na huyu baba anastahili kuupata ule aliouandika yeye. Nikasema ndiyo.

Fundi Saa alinyoosha mkono hewani mpaka nikaushika. Akaniambia pole pole kwamba mwandishi alipotamka tu kuwa yule mama amekufa, yeye alikumbuka karatasi. Sura kumi na tisa alisikia karatasi nzito ya kitabu ikigeuzwa, na ile moja ilikuwa karatasi nyepesi, ya daftari. Siku ile ilimshangaza, lakini alikuwa analia na hakutaka kufuatilia. Nikamuuliza, sasa kwa nini alisema amesikia vibaya? Akasema hakutaka mtoto wa watu aulizwe mbele ya kadamnasi. Halafu akaniomba nimsomee sura yenyewe, ila si pale. Nisome nikiwa stoo, bomba likidondosha, kama siku zote.

Watu waliokuwepo walidhani nilifanya vile kwa huruma. Nyota Tano alinikumbatia na kusema nina moyo wa dhahabu, nami nikamwacha aseme. Wewe nitakuambia ukweli. Huruma ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Niliogopa kwamba nikimsomea kifo kile ataumia na kutoka kundini, na sina mwingine anayesubiri kunisikia nikisema kitu. Nilimdanganya ili asiniache. Hata lile neno lako la penseli nililitumia kama kisingizio, nikajiambia hata Dada amekataa.

Jumatatu nilipotoka shule niliingia stoo na kufunga mlango. Kwanza nilirekodi maneno hayo hayo niliyokuandikia hapo juu, nikamtumia yeye peke yake. Kisha nikaisoma sura ya ishirini kama ilivyo, jirani, ufagio, miezi miwili, ufunguo, mpaka nukta ya mwisho. Dakika kumi na nne. Nililia mahali pawili na sikurudia. Nikaituma kundini.

Fundi Saa alijibu baada ya saa nzima. Mwanzoni zilisikika saa zake tu zikitembea ukutani, nyingi, kila moja na mwendo wake. Kisha akasema kwamba zile sura tano za saruji na nondo katikati ya kitabu zilimchosha mpaka basi, na kama nadhani alizivumilia kwa ajili ya saruji, basi mimi bado mtoto. Hatoki kundini. Halafu akauliza jambo moja. Yule bwana alipofungua kwa ufunguo wake na kuingia peke yake, alivua viatu?

Nikaifungua tena sura yote, nikaipitia mstari kwa mstari, mara mbili. Nikamwambia kitabu hakisemi.

Akasema, "Basi alivua."

Mama aliporudi sikungoja abadilishe nguo. Nilimpeleka stoo, nikamkalisha juu ya ndoo na mkoba wake bado begani, nikamweleza kila kitu, nikamwekea ile sura asikilize. Aliisikiliza yote. Ilipokwisha alifuta uso kwa kiganja, akasema simu na masomo tutazungumza kesho, na kwamba lile bomba linasikika vibaya mno, lazima fundi aitwe. Nikamwomba aliache kwanza.

Mama anakusalimu sana na anakumbusha ule vizuri, usiishi kwa chai tupu. Wasalimie wenzako wa zamu, na yule anayekuazima mwavuli. Kitabu chako nimekitunza. Sikulifuta neno lako, ila ukija nitakuomba uniambie ulimaanisha nini.

Ni mimi mdogo wako niliyetafuna pembe ya kitabu chako nikiwa sina hata meno manne,

Panya