Kidole Chenye Wino

Othaya, Jumanne

Kurasa nne! Daktari ameandika kurasa nne za kuomba ruhusa ya kujaribu dawa mpya kwa watoto, na hakuna mahali amesema mama anaweza kukataa. Nilipomwuliza, akajibu, "Sista, hiyo si inajulikana?"

Inajulikana na nani? Leo hapa kliniki Mama Wambui alichovya kidole kwenye wino aweke alama badala ya sahihi kabla sijamsomea hata mstari mmoja, vile wakulima wamezoea wakichukua malipo kwenye kiwanda cha kahawa.

"Ngoja kwanza. Unaweza kukataa."

"Nikikataa, mtoto atatibiwa?"

"Atatibiwa kama kawaida."

Akafuta kidole kwenye leso. "Basi sitaki."

Daktari amenuna, ati nimemharibia utafiti. Mimi nawaza wale akina mama wa jana. Wote waliweka kidole, na sijui ni nani alikuwa anataka.