Maji ya Vizimba vya Sato

Masalu, nimefanya ujinga leo hapa Nkome.

Yule mtafiti, Violeth, alileta majibu ya vipimo vya maji ya ziwani, kwenye vizimba vyangu vya samaki, sato. Kabla hajayasoma, nikachota kikombe cha maji hayo, nikanywa mbele ya watu. Nikamwambia, "Majibu ndiyo haya."

Jirani yangu Mariana akacheka. "Baba Mihayo akinywa, nami nanywa." Akanywa. Ana mimba, Masalu.

Violeth akasema taratibu, "Mzee, wamo bakteria wa kipindupindu, tena wana vinasaba vya kutengeneza sumu."

Mariana amekunywa kwa kuniamini mimi.

Nikamwambia twende zahanati, akakataa. "Mbona wewe mzima?"

Nikajishika tumbo, nikadanganya kwamba limeanza kuuma. Ndipo akachukua kanga yake.

Tumekaa kwenye benchi la zahanati. Sasa sijui kama nilidanganya.